Dirisha Lisilo na Mwenyewe

Windows ya kwanza, iliyotoka Novemba 1985, haikuruhusu madirisha yapandane. Ukifungua programu ya pili, ile ya kwanza inasogea, zinagawana kioo kama vibanda vya soko vilivyobanana ukuta kwa ukuta. Kilichoruhusiwa kukaa juu ya mwenzake ni kile kisanduku kidogo cha swali, kinachouliza kama unataka kuhifadhi kazi yako au la. Miaka miwili baadaye, kwenye toleo la pili, madirisha yakaanza kulaliana kama karatasi mezani, na Machi 1988 Apple wakaenda kortini kulalamika kwamba sura ya mashine yao imeigwa. Kesi hiyo imeandikwa sana. Mimi kinachonivuta ni swali lililokuja na kulaliana huko: nani akae mbele, na nani ana haki ya kumleta mbele?

Watengenezaji wa programu huita jambo hili fokasi. Dirisha lenye fokasi ndilo linalopokea unachochapa. Fikiria baraza la chifu lenye maikrofoni moja. Watu mia wanaweza kuwa wamesimama, ila anayesikika ni yule aliyeishika. Kioo kinaweza kubeba madirisha kumi. Kibodi ni moja tu.

Madirisha yanayolaliana yalikuwepo kabla ya Microsoft na Apple. Yalichorwa miaka ya 1970 kwenye maabara ya Xerox PARC kule California, na hapohapo ndipo alipofanya kazi Larry Tesler, mmoja wa watu waliotuletea kukata na kubandika. Tesler alichukia kitu kimoja kuliko vyote: programu inayokuingiza kwenye hali fulani halafu inakataa ufanye kingine mpaka utoke. Namba ya gari lake ilisomeka NOMODES. Alifariki Februari 2020, na kwa maoni yangu vita vyake alivishinda nusu tu. Kwenye programu za kaunta, za hesabu, za stoo, kile kisanduku kinachokuzuia mpaka ujibu bado kinatawala. Anayeiandika programu anakipenda kwa sababu kinampa uhakika: mteja hatapita hapa bila kujibu.

Microsoft nao walijifunza polepole. Kwenye Windows za mwanzo, programu zote zilipanga foleni moja ya kibodi na panya. Moja ikikwama, zote zinangoja. Windows 95 ikaipa kila programu foleni yake. Vizuri, lakini sasa programu yoyote ingeweza kuruka mbele wakati wowote, na ukiwa katikati ya kuandika unajikuta herufi zako zinaingia kwingine. Toleo la 98 likaweka sheria: programu iliyo nyuma haiwezi kujileta mbele kwa nguvu. Kwa kawaida aliye mbele ndiye anayeweza kumpisha mwingine. Ukilazimisha, unachopata ni kitufe chako kuwakawaka pale chini ya kioo, kama mtu anayeinua mkono darasani. Hiyo ndiyo sheria ninayoipenda kuliko zote, ingawa kaka zangu waliokulia saiba za Nakuru, bob moja kwa dakika, watakuambia kuna programu moja haikuihofia: ile ya kuhesabu muda. Dakika zikiisha, inafunika kioo kizima hata kama ulikuwa unamalizia barua ya kuomba kazi.

Ila fokasi peke yake haitoshi. Kuna umiliki. Na mtu wa Nakuru akisikia neno mmiliki, akili inakimbilia hati ya shamba. Huku neno hilo lina joto lake, na watu wameuana kwa ajili yake. Kwenye Windows maana yake ni tofauti kabisa, iko karibu zaidi na mama aliyebeba mtoto mgongoni. Dirisha linalomilikiwa hukaa juu ya mwenyewe siku zote. Mwenyewe akipunguzwa, linafichwa naye. Akifungwa, linafungwa naye. Dirisha lisilo na mwenyewe halina mgongo wa kushika, na linaweza kuanguka nyuma ya lolote.

Vyuo vingi vya kompyuta vya hapa vilifundisha Visual Basic 6, ya mwaka 1998, miaka mingi baada ya Microsoft kuiweka kando, na vijana waliotoka humo waliandikia maduka programu. Humo kila dirisha linaitwa fomu. Kuionyesha fomu ya risiti ili mtu asipite bila kuijibu, unaandika frmRisiti.Show vbModal. Itafanya kazi. Lakini mwenyewe ni nani? Hujasema. Kusema, unaongeza koma na herufi mbili: Me. Yaani mimi, fomu hii ninayoita, ndiye mwenyewe.

Nilikutana na koma hiyo kwenye agroveti moja, muda si mrefu baada ya kuacha chuo mwaka wa pili karo ilipokata. Niliitwa kuangalia "kompyuta inayoganda". Dada aliyekuwa kwenye kaunta alikuwa anakatwa mshahara mwezi wa tatu mfululizo, kwa sababu pesa za droo zilikuwa pungufu kuliko mauzo ya kwenye mashine. Mwajiri hakutamka neno mwizi. Alikata tu.

Nikakaa kando yake asubuhi nzima. Anauza dawa ya kuogesha ng'ombe, anabonyeza kuuza, mauzo yanaandikwa, kisanduku cha risiti kinatokea. Mteja mwingine anauliza bei, dada anafungua orodha ya bei kwenye programu nyingine, akirudi kisanduku hakionekani. Kiko nyuma ya fomu kubwa. Fomu kubwa nayo imezimwa, inangoja jibu la kisanduku asichokiona. Akibofya, mashine inalia ding. Akibofya tena, ding. Foleni inasonya. Anafanya alichofundishwa: anaiua programu, anaifungua upya, na kwa kuwa hajaona risiti, anaingiza mauzo yaleyale tena. Chupa moja imetoka, mashine inasema mbili.

Mwandishi wa programu alikuwa ameshahamia Nairobi, ila aliacha folda ya msimbo kwenye mashine ileile. Nilitafuta vbModal, nikaikuta mahali sita. Hakuna hata pamoja iliyokuwa na mwenyewe. Kuandika koma na Me mara sita kulichukua muda mfupi kuliko chai aliyoniletea.

Kilichochukua muda ni kuchapisha orodha. Nilipanga mauzo ya miezi mitatu kwa saa, na mapacha wakajitokeza wenyewe: bidhaa ileile, idadi ileile, dakika mbili au tatu kati yao, tena zaidi saa za asubuhi foleni inapokuwa ndefu. Nilipiga kalamu nyekundu jozi kumi na tisa. Mwajiri alizisoma akiwa amesimama, akamwita dada, akamwonyesha ya kwanza, kisha akaanza kujumlisha pembeni ya karatasi kwa mkono. Mwezi uliofuata hakumkata. Za miezi mitatu alisema atazilipa kidogo kidogo, na nilipopita mara ya mwisho alikuwa amefikia nusu.