Metali Nzito: Jina na Uzito Wake

Jioni moja hapa mtaani Airport, Mombasa, penye kibanda cha mboga kando ya barabara ya Magongo, nilimsikia mteja akimwuliza mama muuzaji kama ni kweli mboga za mijini zina "madini mazito", naye, huku akifunga fungu la mchicha kwa kamba ya mgomba, akajibu kwa moyo mkunjufu, "Basi si vizuri, mwanangu? Mpe mtoto apate nguvu."

Mama yule hakuwa na kosa. Kliniki humfundisha kila mzazi kwamba chakula bora ni chenye vitamini na madini, hata neno hilo, ambalo asili yake katika Kiarabu ni kitu kichimbwacho, limekwisha kuvikwa heshima ya lishe. Na ukilitia "mazito" waongeza sifa, kama vile uji mzito unavyosifiwa kuliko mwepesi. Kwa sababu hiyo nalichagua "metali nzito", lijapokuwa geni, kwani ugeni wake humlazimu msikilizaji kuuliza maana. Maana yenyewe ni risasi, zebaki, kadimi na wenzao, ambao aghalabu uzito wao hushinda wa maji ya ujazo ule ule mara nyingi; risasi huyashinda mara 11 na zaidi.

Risasi ni neno letu tangu kale. Mvuvi wa Likoni afungaye chubwi kwenye mshipi wake aijua kwa mkono, ilhali kijana wa leo, akilisikia jina, hufikiri bunduki tu. Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta madhara yake: huko Owino Uhuru, Mikindani, kuanzia mwaka 2007 kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi, na hadi kilipofungwa mwaka 2014 moshi, vumbi na maji yake yalikuwa yamewaingia watu majumbani. Bi. Phyllis Omido, aliyeajiriwa humo, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na risasi damuni, naye akawaongoza majirani kudai haki yao. Mahakama ya Mombasa ikaamuru mwaka 2020 walipwe shilingi bilioni 1.3, hukumu iliyotenguliwa katika rufaa kisha ikarejeshwa na Mahakama ya Juu Desemba 2024.

Hila ya risasi ni kwamba mwili huidhania kalsiamu, ukaihifadhi mifupani miaka mingi, kisha wakati wa mimba na kunyonyesha ikatoka kumfuata mtoto. Naye mtoto akiimeza huifyonza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima, ikamharibu ubongo ungali unajengeka. Shirika la Afya Duniani lanena kwamba hakuna kiasi chake kijulikanacho kuwa salama.

Nilirudi kwa yule mama nikamwambia, "Si madini yale ya kliniki, mama. Ni sumu: risasi, hii ya betri." Akalitua fungu mezani, akanyamaza kidogo, kisha akasema kesho alfajiri atamwuliza anayemletea mchicha huumwagilia maji ya wapi.