Kifo cha Vijana Wapendanao katika Tanzia: Romeo na Juliet kati ya Matini na Jukwaa

Tanzia za kale hulaumiwa mara kwa mara kwamba hukipamba kifo cha vijana wapendanao, hata mtazamaji akatoka ukumbini akiamini kuwa kufa pamoja ndiko kilele cha mapenzi. Lawama hiyo huelekezwa hasa kwa Romeo na Juliet, tamthilia ya William Shakespeare iliyotungwa karibu na mwaka 1595 na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1597. Ili kuipima lawama hiyo kwa haki, yafaa kutenganisha matini yenyewe na yale yaliyoongezwa jukwaani baadaye.

Kisa chenyewe hakikubuniwa na Shakespeare. Luigi da Porto alikisimulia kwa Kiitaliano karibu na mwaka 1530. Matteo Bandello akakirudia mwaka 1554. Pierre Boaistuau akakitia katika Kifaransa mwaka 1559. Na Mwingereza Arthur Brooke akakitungia shairi refu mwaka 1562. Katika dibaji yake Brooke aliwashutumu wapenzi hao kwa tamaa na kwa kudharau mashauri ya wazazi. Shakespeare alilifuata shairi hilo, lakini shutuma aliiacha. Miezi ya Brooke aliifanya siku zisizozidi tano. Na Juliet, ambaye kwa Brooke alikaribia miaka 16, akawa mtoto asiyetimiza hata 14.

Mabadiliko hayo yana uzito, kwani kadiri umri wa msichana unavyopungua, ndivyo dhamana ya watu wazima inavyozidi. Baba anatishia kumfukuza nyumbani. Yaya anamshauri aolewe na Paris, ilhali anajua kwamba tayari ana mume. Barua ya padri haifiki kwa sababu mjumbe amefungiwa ndani kwa hofu ya tauni. Padri mwenyewe, asikiapo kelele za walinzi, anakimbia na kumwacha Juliet peke yake kaburini.

Ni kweli kwamba maneno ya mwisho ya Romeo ni mazuri mno. Anakitaja kifo kana kwamba ni mpenzi anayemficha Juliet gizani ili awe wake. Lakini papo hapo anastaajabu kuona wekundu ungalipo midomoni na mashavuni mwa msichana. Watazamaji wanaijua maana yake: Juliet yu hai. Kwa hiyo mapambo ya kifo yamo kinywani mwa mtu anayekosea. Juliet mwenyewe anakufa kwa maneno machache.

Jukwaa halikuridhika na ukali huo. Mwaka 1679 Thomas Otway alikihamishia kisa Roma ya kale na, kama walivyofanya Waitaliano, akamwamsha msichana kabla mpenzi wake hajakata roho. David Garrick alifanya vivyo hivyo mwaka 1748 katika ukumbi wa Drury Lane, London, akawapa wapenzi nafasi ya kuagana. Umri wa Juliet aliupandisha hadi karibu miaka 18, na mwaka 1750 akaongeza msafara wa mazishi wenye muziki. Toleo lake lilitawala majukwaa ya Kiingereza kwa takriban karne moja. Mwaka 1845 Charlotte Cushman, Mmarekani aliyeigiza nafasi ya Romeo, aliyarudisha jijini London maneno ya Shakespeare.

Matini ya Shakespeare, hata hivyo, imelijibu swali hili katika onyesho lake la mwisho. Mbele ya maiti, baba hao wawili wanaahidiana kusimamisha sanamu za dhahabu. Mtawala wa Verona hawasifu wapenzi. Anaikemea chuki ya wazee hao, na kukiri kuwa yeye pia aliifumbia macho. Basi kupamba kifo kumo ndani ya tamthilia, lakini ni kazi ya waliosalia, nao ndio waliokisababisha.