Chungu na Sanduku la Kura: Marufuku ya Pombe Nyakati za Uchaguzi katika Musoma, Bunda na Butiama

Makala hii inajadili marufuku ya kuuza pombe siku ya uchaguzi katika wilaya za Musoma, Bunda na Butiama, mkoani Mara. Sababu inayotolewa kwa kawaida ni moja: kulinda amani vituoni. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba, katika historia ya uchaguzi nchini, tatizo kubwa la pombe halikuwa ulevi wa mpiga kura siku ya kura. Lilikuwa ni nani aliyeilipia pombe hiyo majuma kadhaa kabla. Sheria za nchi zililitambua hilo mapema. Amri ya kufunga vilabu hailigusi, na gharama yake humwangukia mtu asiye mgombea wala mlevi, yaani mwanamke mpika pombe.

Katika jamii za Mara, kama vile Wazanaki wa Butiama na Waikizu wa Bunda, pombe ya ulezi na mtama haikuwa kinywaji cha starehe tu. Ilitumika katika mahari, matambiko na kazi za ujima, na mwanamume aliyetaka kupanda daraja la uzee alipaswa kuwaandalia wenzake karamu ya pombe na nyama. Kwa hiyo mwenye chungu alikuwa na sauti. Kuinywa pombe ya mtu kulikuwa ni kukiri kwamba anastahili kusikilizwa. Mwanahistoria anayesoma kampeni za leo bila kuukumbuka uhusiano huo ataona rushwa mahali ambapo mnywaji anaona heshima. Zote mbili zipo, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Serikali ya kikoloni iliiogopa pombe kwa sababu nyingine. Mkataba wa Brussels wa 1890, na baadaye ule wa Saint-Germain wa 1919, ilizuia biashara ya pombe kali kwa Waafrika, na katika Tanganyika ubaguzi huo ulidumu hadi katikati ya miaka ya 1950. Pombe ya nafaka iliachwa, ikawekewa leseni. Suala la pombe na kura halikuwa na uzito bado, kwa kuwa katika uchaguzi wa 1958 na 1959 mpiga kura alitakiwa kuwa na elimu, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au wadhifa unaotambuliwa. Wanywaji wengi wa vilabuni hawakuwa na kura ya kununuliwa.

Hali ilibadilika watu wazima wote walipopewa haki ya kupiga kura. Katika uchaguzi wa 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, wagombea wawili wa jimbo walisimama jukwaa moja, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, katika mikutano iliyoandaliwa na TANU. Utaratibu huo ulikusudiwa, pamoja na mengine, kumnyima tajiri nafasi ya kujiandalia kampeni yake. Sheria ya Uchaguzi Na. 1 ya 1985 iliharamisha kumlisha au kumnywesha mpiga kura kwa lengo la kumshawishi. Kosa hilo lina asili katika sheria za Uingereza za karne ya 19, hasa ile ya 1883, zilizotungwa baada ya wagombea wa huko kuzoea kuwafungulia wapiga kura milango ya baa. Ushawishi wa kinywaji, basi, si tabia ya Kiafrika.

Hata hivyo dai la Uafrika ndilo lililotumika mwaka 2000, Bunge liliporekebisha sheria na kuruhusu takrima, yaani ukarimu wa jadi wa mgombea kwa wapiga kura. Watu wa Bunda walikuwa na kumbukumbu ya karibu ya ushindani mkali. Mwaka 1995 Stephen Wassira wa NCCR-Mageuzi alimshinda Joseph Warioba wa CCM, Waziri Mkuu wa zamani, na matokeo hayo yakapelekwa mahakamani. Mwaka uliofuata Warioba huyohuyo aliongoza tume ya rais iliyochunguza rushwa nchini. Mnamo Aprili 2006 Mahakama Kuu iliifuta takrima, ikieleza kwamba inawabagua wagombea wenye kipato kidogo. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 ikafuatia.

Njia hiyo ya kisheria ilimlenga mnunuzi. Marufuku ya siku ya kura humlenga muuzaji. India huzuia uuzaji wa pombe kwa saa 48 kabla ya upigaji kura kumalizika, na katika Marekani jimbo la South Carolina liliondoa katazo lake mwaka 2014 tu. Kwetu marufuku hutoka kwa tangazo la mkuu wa wilaya au la polisi, mara nyingi siku chache kabla ya kura. Hapo ndipo chungu kinapoingia katika hesabu.

Pombe ya nafaka huchukua takriban juma moja. Ulezi hulowekwa, huoteshwa, huanikwa na kusagwa kuwa kimea; uji hupikwa, hupozwa, huachwa uchachuke. Ikishaiva haina siku mbili kabla ya kuwa chachu isiyonyweka. Mwenye baa mjini Musoma hufunga mlango, na kreti zake za bia humngoja. Mama wa kilabu kijijini, ambaye tangazo limemkuta kimea kikiwa tayari jikoni, hana cha kungoja. Humwaga, au huuza kwa siri, na hapo faini humkuta. Wengine hugeukia gongo, ambayo haiharibiki na hufichika kirahisi, ingawa Sheria ya Moshi ya 1966 iliharamisha kuitengeneza bila leseni. Amri ya kulinda utulivu huishia kukipendelea kinywaji hatari zaidi.

Siku nayo ina maana. Uchaguzi mkuu wa 1995, 2000, 2010 na 2015 ulifanyika Jumapili, siku ambayo kilabu cha kijijini hutegemea kuliko zote, watu watokapo kanisani. Vituo hufungwa saa 10 jioni, lakini marufuku isiyotaja saa ya mwisho huumeza usiku wote. Mwaka 2020 na 2025 kura ilipigwa Jumatano, nayo ikatangazwa kuwa siku ya mapumziko. Wateja walikuwa nyumbani bila kazi, na mwenye chungu alikuwa na sababu mpya ya kuhesabu siku saba kurudi nyuma kabla ya kuloweka ulezi.