Kandanda ya Chuo cha Kiungani

Ewe mwenyeji wa Kijenge, uutazamaye mchezo wa vijana wako chini ya Mlima Meru, elewa ya kuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuucheza katika nchi zetu walikuwa wanafunzi wa Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, Unguja, cha Misheni ya Vyuo Vikuu iliyohamia kisiwani humo mwaka 1864. Na wengi wao, jambo ambalo katu halifai kusahauliwa, walikuwa watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Msimu wao, zama hizo za karne ya 19, haukuwa na ligi wala kombe, bali hamu tupu na ustadi walioupata kwa walimu wao Waingereza. Mwaka 1925 chuo kilihamia Minaki, Kisarawe.