Maradhi ya Nafsi na Hukumu za Barazani



Mara ngapi umesikia, iwe Temeke au Kinondoni, habari za mama wa nyumba ambaye hali wala halali, na machozi yamtoka bila ya kupigwa? Majirani hukata hukumu barazani. Huyu asema ameingiwa na jini. Yule asema ni uvivu. Wa tatu asema imani yake haba. Kila mmoja ameupa ugonjwa jina, na hapana aliyemwuliza mwenyewe.

Wanazuoni wetu wa zamani hawakwenda njia hiyo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi. Humo aliipambanua hasira, hofu, huzuni na wasiwasi, kila moja mbali. Huzuni nayo akaigawa mara mbili: yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa au kupotelewa na mali, na isiyojulikana sababu, ambayo aliiona yatokana na mwili. Ya kwanza dawa yake ni maneno na fikra njema. Ya pili yahitaji pia tiba ya mwili.

Zaidi ya miaka elfu baadaye, mwaka 1953, tabibu J. C. Carothers, aliyepata kusimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, alitoa kitabu kupitia Shirika la Afya Duniani. Alidai kuwa maradhi ya huzuni ni nadra kwa Mwafrika. Alikosea wapi? Alitegemea mno hesabu ya walioletwa hospitali. Na nani aletwaye? Ni yule arushaye mawe na kuvunja vyombo. Mwenye huzuni havunji kitu. Yumo chumbani, amejifunika kanga. Basi hakuhesabiwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliwahoji wagonjwa hapa hapa Dar es Salaam. Katika vituo vya afya, 24 katika kila 100 walikuwa na maradhi ya nafsi kama vile sononi na wasiwasi uliozidi. Kwa waganga wa jadi walikuwa 48 katika kila 100. Wale walioambiwa hawapo, kumbe wamekaa mkekani kwa mganga wakingoja zamu!

Leo tabibu huuliza: usingizi u vipi? Hamu ya mambo ungali nayo? Hali hii yapata wiki mbili au zaidi, karibu kila siku? Kisha huuchunguza na mwili, maana upungufu wa damu au ugonjwa wa tezi ya shingo waweza kuleta dalili kama hizo.

Basi, ndugu yangu, dua isomwe, na ni haki isomwe. Lakini isiwe pazia la kumzuia mgonjwa asifike hospitali. Dini yetu yatuamrisha kutafuta tiba, na yatukataza dhana mbaya. Usiku wa leo, mwulize aliye nyumbani mwako amelalaje, kisha unyamaze umsikilize.

Mwenyezi Mungu atuponyeshee wagonjwa wetu. Amin.