Jina Lililotoka kwa Adui

Sisi tukaao Gitting, chini ya Mlima Hanang, twasikia mara nyingi Wadatoga wakiitwa Wamang'ati. Jina hilo si lao. Ni neno la Kimasai, na maana yake ni adui. Wamasai waliwaita hivyo kwa sababu ya vita vya zamani.

Mwaka 1892 Oscar Baumann, mtu wa Austria, alipita pande hizi katika safari ya Wadachi. Kitabu chake kilipigwa chapa Berlin mwaka 1894, na jina lake maana yake ni kupita nchi ya Wamasai mpaka chanzo cha Naili. Wairaqw na Wadatoga hawatajwi katika jina hilo. Nchi yao imefanywa njia tu. Ndivyo vitabu vingi vya wakoloni vilivyotusimulia: waliuliza jirani, hawakumwuliza mwenyewe. Hivyo neno Mang'ati likaingia katika vitabu na ramani zao.

Lakini tusiwalaumu Wazungu peke yao, maana nasi twalitumia hata leo. Mtoto wa Kidatoga akiitwa hivyo shuleni, aitwa adui mbele ya wenziwe. Basi kwanza tumwulize: Ninyi mwajiitaje?