Injini Ilikuja Mwisho: Historia ya Chombo cha Kwenda Songo Mnara

Mjomba wangu amestaafu na mafao yake yametoka. Siku moja akanipigia simu kutoka Kilwa Masoko. "Mwanangu, wewe umesoma mpaka shahada ya pili, hebu nisaidie. Nataka boti ndogo ya kuwatembeza wajukuu. Idi ikifika twende Songo Mnara asubuhi, turudi jioni. Ninunue mashine ya farasi ngapi?"

Nikamjibu, mjomba, mimi nimesoma historia, sikusomea ufundi wa boti. Akacheka. "Kwani historia ya huku ni ya nini kama si ya vyombo?"

Nilikosa jibu, na makala hii imezaliwa hapo. Swali lake lina uzito kuliko linavyosikika. Ni pesa za maisha yote ya kazi, na watakaopanda ni watoto. Na kila nilipolichunguza niliona ameanza mwishoni, kwa sababu mashine ni kitu kilichofika juzi tu kwenye pwani hii. Kabla yake watu walishughulika na maswali mengine kwa karibu miaka elfu mbili.

Tuanze mbali kidogo. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 kiitwacho Periplus kinataja bandari ya Rhapta kwenye pwani yetu, na jina hilo linatokana na vyombo vilivyoshonwa. Yaani mbao hazikupigwa misumari, zilishonwa kwa kamba. Mtepe, ambao ulitoweka mwanzoni mwa karne ya 20, ulikuwa wa ukoo huo. Ukitembelea magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, angalia lipu ya kuta: kuna michoro ya vyombo iliyokwaruzwa na watu wa zamani, milingoti, matanga na kamba zake. Wageni wengi huipita bila kuiona kwa sababu macho yote yako kwenye Msikiti Mkuu.

Kwa nini kushona? Majibu ni mengi, lakini moja linamhusu mjomba moja kwa moja. Chombo kilichoshonwa hunyumbuka, na kikigusa mwamba au kikikaa mchangani maji yakipwa, hakipasuki kirahisi. Pwani ya Kilwa na Lindi ni pwani ya kukaa mchangani. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka mita tatu na zaidi. Nyuma ya visiwa kuna mikoko, tope, na mafungu yanayojitokeza mara mbili kwa siku. Mabaharia wa kale hawakuwa na gati. Walichagua umbo la chombo kwa kuangalia kitatua wapi, kisha wakafikiria kitakwenda kasi gani.

Ushahidi upo hata chini ya maji. Mwaka 2008 mwanaakiolojia Edward Pollard aliandika kuhusu njia za mawe ya matumbawe zilizojengwa juu ya miamba kuzunguka Kilwa, nyingine zikifika urefu wa mita 200 hivi, ambazo yeye anazihusisha na karne ya 13 hadi ya 16. Kwa maelezo yake zilisaidia vyombo kuingia bandarini salama na watu kutembea hadi ukingo wa mwamba. Hebu fikiria: huu ndio mji alioutembelea Ibn Battuta mwaka 1331, mji uliotajirika kwa dhahabu ya Sofala, na sehemu ya utajiri huo ikaenda kwenye kupanga mawe ili mtu asipande mwamba kwa bahati mbaya.

Sasa mashine. Mashua za kwanza za injini ambazo watu wengi wa pwani hii waliziona zilikuwa za mvuke, na hazikuja kwa matembezi. Kuanzia 1874 meli ya Uingereza HMS London ilitia nanga Zanzibar, na mashua zake zikawa zinakimbiza majahazi yaliyobeba watumwa, biashara ambayo Kilwa Kivinje ilikuwa mojawapo ya milango yake mikubwa. Mwaka 1881 nahodha wa meli hiyo, Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba akiwa kwenye mashua ya mvuke, alipokaribia jahazi moja kulikagua. Injini, boila na makaa vilijaza nafasi kubwa ya chombo. Hakuna familia ingeweza kumiliki kitu kama hicho.

Mashine ya kuning'inizwa nyuma ya boti, hii anayoitaka mjomba, ilipata umaarufu kwa kisa kinachofanana na chake. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyekulia Wisconsin, Marekani, inasimuliwa kwamba alikuwa na wenzake mapumzikoni ziwani, mchumba wake akatamani aiskrimu. Akapiga makasia kwenda na kurudi juani, aiskrimu ikayeyuka njiani. Mwaka 1909 akaanza kuuza injini yake ya nguvu ya farasi moja na nusu. Walikuwapo waliomtangulia, na kisa chenyewe huenda kimetiwa chumvi kidogo, lakini napenda kwamba asili yake ni matembezi ya siku moja.

Kwetu ilichelewa. Yamaha, jina ambalo leo pwani nzima ni kama jina jingine la mashine ya boti, ilitoa yake ya kwanza mwaka 1960. Kituo cha Mbegani karibu na Bagamoyo, ambacho sasa kiko chini ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, kilipata msaada mkubwa wa Norway na kikafundisha vijana uvuvi na uundaji wa boti. Mashine zikaanza kufungwa kwenye vyombo vya mbao vilivyobuniwa kwa ajili ya tanga, na shida ikaanzia hapo.

Ngalawa na dau vimechongoka mbele na nyuma, omo na tezi. Mashine utaifunga wapi? Mashua na jahazi vina tezi bapa, umbo ambalo watafiti wengi wanalihusisha na kuiga meli za Wareno na Wazungu wengine waliofuata. Kumbe ubao wa kufungia mashine ulikuwa umeshawekwa pale karne kadhaa kabla ya mashine yenyewe! Ndiyo maana leo ukipita pwani za Kilwa na Lindi, kwenye mashine utakuta zaidi mashua na boti za faiba, wakati ngalawa nyingi bado zina tanga.

Lakini tezi bapa peke yake haitoshi. Chombo kizito kinachopasua maji kina mwendo wake wa mwisho, na huo unaamuliwa na urefu. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa mkato wa maji kwa mita, zidisha kwa 2.4, unapata noti. Mashua ya mita 6 hufikia karibu noti 6, yaani kilomita 11 kwa saa. Ukitaka kuzidi hapo, chombo kinaanza kupanda wimbi lake chenyewe kama mtu anayekimbia mlimani. Tezi linazama, omo inainuka, mafuta yanaisha. Kuongeza mashine kutoka farasi 15 hadi 40 kwenye mashua kama hiyo kunaongeza kelele na gharama, mwendo kidogo sana. Boti nyepesi ya faiba yenye tumbo bapa kuelekea nyuma ni habari nyingine, hiyo inaweza kupanda juu ya maji na kuteleza. Hapo ndipo farasi 40 zinapofanya kazi.

Na mashine kubwa ni mzigo. Ile ya farasi 15 ina kilo 40 hivi, ya 40 inafika 70 na zaidi, sawa na mtu mzima aliyekaa juu kabisa ya tezi na hashuki. Injini za zamani za kuchanganya oili na petroli, zikiendeshwa mwendo wote, hunywa kati ya lita 0.4 na 0.5 kwa kila farasi kwa saa. Farasi 15 ni lita 6 au 7. Farasi 40 ni karibu 20. Kutoka Kilwa Masoko hadi Kisiwani ni kama kilomita 2, mtu anakwenda kwa tanga huku anazungumza. Songo Mnara ni zaidi ya kilomita 10, na ukiwa na watoto unahitaji kanuni ya theluthi: theluthi ya mafuta kwenda, theluthi kurudi, theluthi isiguswe.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote katika utafiti huu mdogo ni Idi yenyewe. Idi el-Fitr ni mwezi mwandamo, kwa hiyo kila mwaka huangukia bamvua. Kwenye pwani yetu wakati wa bamvua maji hujaa karibu saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Familia inayofika Songo Mnara saa nne siku ya Idi inakuta maji yamekwenda zake, na bibi anashuka kwenye tope la mikoko na sufuria ya pilau kichwani. Idi el-Hajj ni tarehe kumi ya mwezi, wakati wa maji mafu. Maji hupungua kidogo tu, na kujaa kwake ni karibu saa tano au sita mchana. Kwa matembezi hayo, Idi kubwa ndiyo rafiki wa boti. Wazee walijua haya bila jedwali, ila mjomba alikuwa karani bara miaka thelathini, akasahau.

Kuna la upepo pia. Kusi la Juni hadi Agosti huchafua bahari, hasa mchana. Asubuhi shwari haikupi dhamana ya jioni, na safari ya kurudi ndiyo inayokukuta na mawimbi, watoto wamechoka, boti ina maji kwenye ngama. Hapo kina cha ubavu juu ya maji ni muhimu kuliko farasi. MV Spice Islander mwaka 2011 na MV Nyerere kule Ukara mwaka 2018 zilikuwa meli kubwa, lakini zote mbili zilibeba watu kupita kiasi, na boti ya mita 6 ina nafasi ndogo zaidi ya kusamehe.

Basi nikamwandikia mjomba. Faiba, kama mita 6, tumbo pana, ubavu mrefu, iwe nyepesi ya kutosha vijana wanne kuisukuma ikikwama. Mashine ya farasi 15, au 25 akisisitiza, na apime urefu wa mguu wake dhidi ya ubao wa tezi kabla ya kulipa, maana mguu mrefu kwenye boti fupi ndio unaolima mchanga. Upondo na makafi mawili, mashine ikizima. Upo wa kufulia maji. Majaketi okozi ya saizi ya watoto, si ya wakubwa yaliyokunjwa. Ukaguzi na usajili wa TASAC kabla ya mtoto yeyote kupanda.

Alisoma, akanipigia. Kumbe alikuwa ameshatoa malipo ya awali ya mashine ya farasi 40. Nyuma yake nikamsikia mkewe akiuliza, "Na hizo jaketi za watoto, umeziona?" Simu ikakatika. Jumamosi iliyofuata akanitumia picha: farasi 25, ya mtumba, na rundo la majaketi ya rangi ya chungwa sebuleni, moja amevaa mjukuu wake wa miaka minne anayeangalia katuni.